Fimbo kavu za Kikula

Anauza fimbo. Amezilaza juu ya gunia, kivulini, za kijivu, nene kuliko kidole gumba, hazina jani wala mzizi, na mpita njia mwenye haraka atadhani ni kuni. Muulize bei, atakutajia bei ya maua. Ukishalipa, atakukataza usipande leo.

Wauza miche wenzake wa mji wa Likasi, Katanga, hunyunyiza maji mchana kutwa ili bidhaa ionekane mbichi. Muzee huyu wa mtaa wa Kikula, aliyeomba jina lake tumwachie mwenyewe, anaikausha yake makusudi. Ndilo lililonikalisha pale kwake.

Mti wenyewe ni franjipani, ule wa maua meupe yenye moyo wa njano, au ya waridi, yanayonukia giza likiingia. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Huku kwetu, asema muzee, matawi yake ya kwanza aliyakata kwenye nyua za nyumba za kampuni, mji ungali ukiitwa Jadotville.

Alinikatia moja nione. Kisu kikali, tawi lililokwisha kukomaa likawa la kijivu, si lile la kijani, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kisu kilipopita tu, maziwa yakatoka: meupe, mazito, yakidondoka hadi kwenye kiatu chake. “Usijipanguse jicho na mkono huo,” akaniambia. Akanyofoa majani yote, akaliegemeza tawi ukutani, kidonda juu. Saa chache baadaye maziwa yalikuwa yameganda, yakivutika kama mpira. Akanionyesha matawi ya juma lililopita: kidonda kimesinyaa kuelekea ndani, kimekuwa cha kahawia. Ya majuma mawili yalikuwa magumu kabisa. Aliligonga moja kwa ukucha, akasikiliza, akaliweka upande wa yaliyo tayari.

“Mwanangu, kidonda kibichi ukikizika, kinaoza. Acha kifunge kwanza. Chakula chake kimo humo humo ndani ya fimbo.”

Hukata mwishoni mwa Agosti na mwezi wa tisa. Mji huu uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli. Fimbo iliyokaa kwenye udongo wa baridi wenye maji huoza kuanzia chini huku juu ikionekana nzima. Joto likirudi na mvua haijaanza, ndipo anapanda: shimo la kina cha kiganja, mti wa kuegemea ili upepo usiitikise, maji kidogo mara moja, basi. Mpaka majani yatoke. Hapo wateja ndipo wanapomshinda. “Wanaimwagilia kila asubuhi kwa sababu wanaipenda. Halafu wanarudi kunidai.” Maua ya kwanza huja mwaka unaofuata, pengine wa pili, na kila ncha inapochanua, tawi hugawanyika chini ya ua.

Wataalamu wa mimea wana habari moja ambayo muzee aliipokea kwa kicheko kirefu: ua la franjipani halina asali. Nondo wakubwa wa usiku hufuata harufu, huingiza ulimi ua hadi ua wakitafuta, hawapati kitu, na chavua inakuwa imekwisha kusafirishwa. “Mfanyabiashara huyo,” akasema.

Udongo wa chungu hauchoti uani kwake. Anauleta kwa baiskeli kutoka kwenye kichuguu nje ya mji, anauponda, anauchanganya na mchanga mwingi. Kwa nini asumbuke hivyo? Alinyoosha kidevu kuelekea Shituru, kwenye viwanda vya shaba. Vumbi la miaka yote hiyo limeanguka mahali fulani. Mwaka 2009 watafiti wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti kwa kiwango cha kutisha. Lakini huo ulikuwa mkojo wa watu. Uani kwa muzee kuna franjipani ya zamani iliyopandwa kwenye udongo ule ule anaoukimbia, na inachanua kuliko zote. Je, mti unayakataa madini, au unayameza na kunyamaza? Mboga ya lengalenga hapandi hapo, hata mche mmoja.

Nilimuuliza kama amewahi kuupeleka udongo huo ukapimwe.

“Kwa pesa ya nani?” akasema, akamgeukia mama mmoja aliyekuwa ameinama kuchagua fimbo, akitaka ya waridi. Muzee alimwambia wazi kwamba zikiwa kavu hivi, rangi anaikumbuka yeye tu, hakuna alama. Mama akanunua mbili.