Bangili za Mama Zimo Ukutani



Siku moja baada ya darsa ya alasiri alinijia mama mmoja wa Lamu, ambaye umri wake umekwisha pita miaka sitini, amefuatana na mpwawe. Alikaa barazani, akaweka mbele yake kijaluba cha bati, akasema: "Sheikh, mume wangu amefariki, eda nimeimaliza, na nyumba yataka kurithiwa. Bangili zangu zimo ukutani. Je, nitazipata?"

Sikumfahamu mara moja, naye akanieleza.

Mumewe alirithi kwa babake nyumba ya mawe katika mji wa kale. Mji ule, kama mjuavyo, umo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, lakini orodha haizibi dari inayovuja. Maji ya masika yalikuwa yakipenya sakafu ya juu, boriti zimeoza pale zinapoingia ukutani, na lipu yaanguka kwa mapande. Pato la mume lilitosha chakula na nguo, halikutosha mafundi. Mke alikuwa na kazi ya mikono. Alitunga shanga, akampelekea sonara vigae vya sahani zilizovunjika avizungushie fedha, vikawa vidani, pete na herini, akaviuza kwa wageni na kwa wenye harusi. Kwa miaka saba faida hiyo ilinunua boriti na chokaa na kulipa ujira. Mwaka ambao wageni walikuwa wachache, aliuza bangili zake mwenyewe, jozi baada ya jozi.

Nyumba ya mawe hutaka chokaa

Kabla sijafika kwenye hukumu, nawasimulia kosa lao la kwanza, kwa kuwa wengi wetu twalirudia. Fundi wa mwanzo aliwapiga lipu ya saruji, kwa kuwa hukauka upesi na huonekana imara. Baada ya misimu michache ya mvua, ukuta ulivimba, ukatoa chumvi, na saruji ikabambuka pamoja na mawe yaliyokuwa nyuma yake. Sababu yake si siri. Kuta za wazee wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia lipu. Saruji huufungia unyevu ndani, na chumvi ikala ukuta. Walilazimika kuibandua yote na kuanza tena kwa chokaa.

Anayetaka kukarabati nyumba ya kale, basi, na aanze juu: azibe dari, kisha abadilishe boriti zilizooza, kisha kuta, na zidaka na nakshi ziwe mwisho. Wala asibomoe kitu katika mji wa kale kabla ya kuzungumza na wahusika wa uhifadhi. Na vigae vya kale vikitokea katika kifusi, visikimbizwe kwa sonara. Sheria ya nchi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, hasa vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Waonyeshwe watu wa Makumbusho kwanza. Sahani iliyovunjika jikoni mwako jana yatosha kwa kidani kizuri.

Mali ya mke ni yake

Sasa turudi kwenye swali. Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 32, imebainisha kwamba mwanamke ana fungu lake katika alichokichuma, kama mwanamume alivyo na lake. Mahari ni yake, na pato la mikono yake ni lake. Nafaka na makao ni wajibu wa mume, hata kama mke ni tajiri. Mke akitoa, ametoa kwa hiari, na malipo yake ni makubwa. Zainab, mke wa Abdullah bin Masuud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe na mayatima aliowalea, Mtume, rehema na amani zimshukie, alijibu kwamba ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Na swali lile lilizuka baada ya Mtume kuwahimiza wanawake watoe sadaka hata katika mapambo yao.

Lakini hapa ndipo penye uzito. Alichokitoa mke kwa nyumba ya mume kikiwa ni zawadi, kimekwisha kutoka mkononi mwake, na nyumba yarithiwa kama mali ya marehemu. Kikiwa ni deni, hulipwa kabla ya mirathi, kwa kuwa aya za 11 na 12 za sura hiyo hiyo zimetanguliza wasia na deni. Kikiwa ni ushirika, fungu lake haliingii katika mirathi kabisa. Njia ni tatu, na kila moja ina mlango wake.

Nikamuuliza: "Ulipokuwa ukitoa, mlisemezana nini?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, tulikuwa mke na mume. Nani amwandikie mumewe deni?"

Sikuwa na jibu la kumpoza. Marehemu ameacha watoto wa mke wa kwanza, kwa hiyo fungu la mjane ni thumni, sehemu moja katika nane. Hakuna shahidi, hakuna karatasi. Mpwawe akafungua kijaluba. Ndani mlikuwamo uzi, shanga za kusalia, na risiti tatu za boriti, zenye jina la mama.

Tuliwaita warithi, wote watu wazima. Wawili walisema nyumba iuzwe, kila mtu apewe chake. Mkubwa wao alizitazama zile risiti kwa muda, akasema: "Mimi nilizibeba boriti hizi. Baba aliniambia atamlipa mama." Wenzake wakakubali. Kiasi cha risiti tatu kikahesabiwa deni, kikatolewa kwanza, kisha yeye akapata thumni yake. Miaka mingine yote, na bangili zote, hazikuwa na karatasi. Mama alisema: "Hizo nimemsamehe, na Mwenyezi Mungu azikubali." Warithi nao wakaridhia akae chumba cha juu maisha yake yote. Hilo lilikuwa suluhu na wema wao, si haki ambayo ningeweza kumdaia.

Nasaha kwa wanaofanya biashara ya mapambo

Dada zangu, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, wala haikuwatoa mke na mume. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi, neno "zawadi" au "deni" au "ushirika", na mashahidi, haipunguzi mapenzi. Huyalinda siku mmoja wenu asipokuwapo kusema.

Mjue pia hukumu za mnachokiuza. Shanga na vigae vyauzika kwa mkopo. Fedha na dhahabu, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama zetu, ni mkono kwa mkono. Usibadilishe bangili kuukuu kwa mpya huku uzito ukizidiana. Uza ya kwanza, pokea pesa, kisha nunua ya pili. Usiite fedha kilichopakwa fedha juu. Na mwaka ukitimia, thamini bidhaa pamoja na pesa za biashara: zikifikia nisabu, toa asilimia 2.5. Mapambo unayoyavaa mwenyewe kwa kadiri ya ada hayana zaka katika madhehebu yetu ya Shafi, ingawa Hanafi wanayatolea.

Nanyi waume, mkeo akiuza bangili ili usinyeshewe, usingoje akuombe karatasi. Iandike wewe, na umpe aiweke katika kijaluba chake.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.