Lokandu: Kiswahili kinasemwa kila siku, lakini hakiulizwi kwenye Exetat

Huko Lokandu, kwenye ukingo wa mto Lualaba, kaskazini ya Kindu, mtoto anajua Kiswahili kabla hajashika kalamu. Anakisikia sokoni, kwenye pirogi, kanisani na msikitini. Lakini akifika mwaka wa mwisho wa sekondari, lugha hiyo haimpatii hata pointi moja. Insha ya Exetat anaiandika kwa Kifaransa. Katika siku nne za kikao cha kawaida, ile ya lugha inamletea Kifaransa na Kiingereza. Aliyechagua Latin-Philo anaongezewa Kilatini, lugha ambayo hakuna mama wa Maniema anayeitumia kubembeleza mtoto.

Hata hivyo, katiba ya 2006, kwenye kipengele cha kwanza kabisa, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lugha rasmi inabaki Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa shuleni, hasa kwa watoto wadogo. Kutoka hapo mpaka kwenye mtihani wa serikali, njia ni ndefu.

Nchini India njia hiyo ilipitika. Kimaithili, lugha ya watu wa Bihar upande wa Darbhanga na Madhubani, kiliingizwa katika orodha ya lugha za katiba kwa marekebisho ya 2003. Leo anayetafuta kazi kubwa ya serikali kule anaweza kuchagua fasihi ya Kimaithili kama somo lake la hiari: karatasi mbili, kila moja alama 250. Hizo ni 500 juu ya 2025 za mtihani mzima, mahojiano yakiwemo. Si mchezo. Na wanaozaliwa na lugha hiyo hawapiti kwa kuwa tu wanaiongea nyumbani. Wanakaa chini na kusoma mashairi ya Vidyapati, aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Hapo ndipo kijana wa Lokandu angeshikwa. Nchini Kenya Kiswahili ni lazima kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, na kina karatasi tatu: insha, lugha, fasihi. Mwenye kusema Kingwana vizuri sana angekuta ngeli zinamsumbua, maana Kiswahili cha Maniema kina njia yake, na wasahihishaji wa Nairobi wanafuata kile cha vitabu. Somo kama hilo likija Kongo, swali la kwanza litakuwa: Kiswahili cha nani?

Vitabu, kwa upande mwingine, havikosekani. Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na ndani yake kuna safari za Maniema na Kasongo. Kitabu hicho kinauma: mwandishi alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na waliouzwa ni mababu wa watu wa huku. Lokandu yenyewe wakati ule iliitwa Riba-Riba. Ni upande huo ambako msafara wa Mbelgiji Hodister ulimalizwa mwaka 1892, na vita kati ya Waarabu na Dola Huru ya Kongo vikawaka mpaka 1894. Mwanafunzi wa Lokandu angesoma fasihi ambamo mto wake umo, jambo ambalo Cicero hampatii.

Kwa sasa wazazi wanaendelea kupima kwa hesabu nyingine. Pedagojia inafungua mlango wa ualimu, biashara inafungua ofisi, na Latin-Philo inaleta sheria kwenye Chuo Kikuu cha Kindu au mbali zaidi. Anayeota kuingia ENA ya Kinshasa, shule ya watumishi wa serikali, naye anajua kwamba konkuru yake ni ya Kifaransa. Jioni, mtihani ukikaribia, wanafunzi wanazunguka taa moja na kukariri Kifaransa. Ikifika zamu ya kuelezana kile ambacho hawakuelewa, wanarudi kwenye Kiswahili.