Viatu vya Badminton: Usimalize Pesa Zote kwa Raketi

Mzazi anayemnunulia mwanawe vifaa vya mpira wa vinyoya, yaani badminton, huanza na raketi. Atazunguka maduka mawili matatu, atauliza bei, atapima uzito mkononi, na pesa zikishakwisha ndipo humwambia mtoto, "Viatu utavaa zile raba zako za kukimbilia." Sisi watu wazima nasi ndio hivyo hivyo. Mpango huo umepinduliwa miguu juu. Raketi ya bei rahisi itakupotezea pointi. Kiatu kisichofaa kitakuumiza kifundo cha mguu, na kifundo kikishateguka vibaya mara moja, huwa rahisi kuteguka tena.

Si ajabu watu kuzitazama raketi. Mwaka 2023 Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipiga kinyoya kikaenda kasi ya kilomita 565 kwa saa, na Guinness wakaiandika kuwa rekodi. Nani ataangalia miguu hapo? Lakini hebu siku moja keti kando ya uwanja, sahau kinyoya, tazama miguu peke yake. Uwanja wa wachezaji wanne una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, na wavu unaukata katikati, kwa hivyo kila upande una mita 6.7 tu za kwenda mbele na nyuma. Katika nafasi hiyo ndogo mchezaji anapiga hatua ndefu hadi wavuni, anarudi kinyumenyume, anaruka, anatua kwa mguu mmoja, anajisukuma kando. Hakuna mahali anapopata kukimbia kwa raha.

Raba ya kukimbilia imetengenezewa kazi nyingine kabisa. Mkimbiaji huenda mbele tu, kilomita kwa kilomita, na kisigino chake kinagonga chini maelfu ya mara. Ndiyo maana nyingi huwekewa sponji nene na laini, hasa nyuma. Sasa mchukue mtu aliyevaa raba hiyo, mwambie ajisukume kwenda kando kwa nguvu. Ni kama amesimama juu ya godoro. Sponji inabonyea upande mmoja, mguu unapinduka kwa nje, na uzito wote wa mwili unaangukia kifundo. Kadiri kisigino kilivyo juu, ndivyo mguu unavyopinduka kwa urahisi. Mtu atasema aliteleza, au sakafu ilikuwa mbaya, kumbe alikuwa amepanda ghorofani.

Kiatu cha mpira wa vinyoya kiko chini, karibu na sakafu. Soli yake ni ya mpira laini unaonata, mara nyingi wa rangi ya asali, na haiachi alama nyeusi sakafuni. Ubavu wake wa nje umeimarishwa, na soli huwa imetanuka kidogo upande huo ili mguu usipite ukingoni. Mbele, upande wa kidole gumba, kuna kipande kigumu cha kukinga, kwa sababu mguu wa nyuma huburutwa chini kila unapoinyosha hatua kwenda wavuni. Sponji ipo, lakini nyembamba na ngumu kiasi.

Viatu vyenyewe, vya kampuni kama Yonex, Victor na Li-Ning, si rahisi kuvipata katika maduka yetu, na vikipatikana bei yake inauma. Lakini usikate tamaa. Michezo mingine ya ukumbini ina viatu vya jamii moja: mpira wa wavu, mpira wa mikono, skwoshi, na tenisi ya meza. Viatu hivi huingia katika mitumba, na anayekwenda Kongowea mapema marobota yanapofunguliwa anaweza kuokota jozi nzuri ambayo hata muuzaji hajui ni ya mchezo gani. Kwake yeye ni raba tu, na wewe nyamaza hivyo hivyo.

Ila mtumba unahitaji macho. Kishike kiatu kwa mikono miwili, kikunje. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Halafu kinyonge kama unavyokamua nguo, kikubishie. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa kidole gumba, pawe pagumu. Kisha geuza soli na uibonyeze kwa ukucha. Mpira mzuri unaingia kidogo na kurudi. Kiatu kilichokaa miaka ghalani soli yake hukauka ikawa kama plastiki, na hicho kitakutelezesha hata kama meno yake yote yapo. Mwisho angalia gundi na sponji ya kati. Kuna sponji ambazo huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa, zikaanza kumeguka kama keki. Ukiona unga unga umetoka pembeni, weka chini, hata ukiambiwa ni mia mbili.

Hapa lazima niseme juu ya sakafu, maana ushauri mwingi wa viatu hivi umeandikwa kwa watu wenye kumbi za mbao. Sisi wengi tunachezea saruji, au kabro za uani, wavu ukiwa umefungwa kati ya mnazi na nguzo. Soli laini ya ukumbini ikisuguliwa na saruji ya kukwaruza haitamaliza msimu. Kwa uwanja kama huo mimi ningechagua kiatu cha tenisi. Ni kizito zaidi, kweli, lakini soli yake ni ngumu na imara, na kimetengenezwa kwa mtu anayekwenda kando kando. Ukipata bahati ya kuingia ukumbi wa mbao, uliza kwanza kama soli yako inaruhusiwa: isugue juu ya karatasi nyeupe, ikiacha mstari mweusi mwenye ukumbi atakuwa na haki ya kukufukuza.

Na viatu vya ukumbini visivaliwe njiani. Mchanga wetu huu wa pwani ukishaingia katika soli unafanya kazi mbili mbaya, unaikwaruza sakafu na unaua ile nata. Vitie mfukoni, nenda na ndara zako, uvae ukifika. Kuna faida nyingine: anayepita kuswali Magharibi akitoka mazoezini hataacha kiatu cha maelfu mlangoni mwa msikiti halafu atoe salamu huku moyo uko nje.

Nikiwa hapo kwenye swala, niongeze jambo ambalo sijaliona likiandikwa. Wengi wetu tunacheza baina ya Alasiri na Magharibi. Mtu anatawadha, anaswali, kisha mbio anaingiza miguu yenye maji ndani ya soksi na kiatu kilichofungwa. Ngozi iliyolowa hulainika, ikisuguliwa inatoa malengelenge, na unyevu baina ya vidole ndio ukumbi wa fangasi. Taulo ndogo mkobani inamaliza shida hii. Kausha baina ya vidole, kisha uvae soksi nene kidogo.

Soksi hizo hizo ndizo uende nazo kupima kiatu, na upime jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Simama, usipimie kwenye kiti. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi kama ya upana wa kidole chembamba. Katika mchezo huu kila hatua ya kwenda wavuni inausukuma mguu mbele ndani ya kiatu, na asiye na nafasi hiyo atajua mwenyewe kucha zikianza kuwa nyeusi. Lakini kisigino kisicheze hata kidogo. Sisi tuliokulia kwa ndara na makubadhi wengi miguu yetu ni mipana mbele, na kosa linalofanywa ni kununua namba kubwa ili upana utoshe. Upana utatosha, urefu utazidi, na mguu utaogelea. Afadhali utafute kiatu chenyewe kilicho kipana. Yonex kwa mfano hutengeneza baadhi ya viatu vyake kwa umbo pana. Wazazi nao waache ile tabia ya "atakua navyo." Sare ya shule sawa, kiatu cha mchezo hapana.

Kiatu kizuri hakizuii kila kitu. Carolina Marín wa Uhispania, bingwa wa Olimpiki wa 2016, alivaa viatu bora vinavyopatikana duniani, na bado goti la kulia lilimtoa uwanjani akiwa anaongoza nusu fainali ya Paris mwaka 2024. Kwa sisi tuliopita miaka arobaini kuna kano ya kisigino, ambayo inaweza kukatika kwa hatua moja ya ghafla mwili ukiwa baridi. Basi pasha mwili joto dakika kumi kabla ya kushika raketi, hata kama vijana wanakucheka.

Mkishamaliza kucheza, toa soli ya ndani, legeza kamba, jaza gazeti kavu ndani, weka penye upepo. Usivianike juani, jua la Mombasa linakausha mpira na kulegeza gundi. Chunguza soli chini ya kidole gumba kila baada ya wiki chache. Meno yakishalala pale, kiatu hicho sasa ni cha kwenda sokoni. Na kikianza kufunguka mbele ilhali soli bado nzima, mpelekee fundi viatu, lakini mwambie apake gundi na ashone ubavuni, uzi usipite chini ya soli.