Bastola Inayomjua Mwenyewe Yazua Zogo Marekani

Mfanyabiashara akitangaza kwamba ataleta bidhaa mpya dukani mwake, wateja aghalabu huuliza mambo mawili tu: bei yake ni ngapi, na ina faida gani? Asiyeitaka hupita akaenda zake. Lakini mwezi wa Mei 2014, katika mji wa Rockville, jimbo la Maryland nchini Marekani, mwenye duka moja la silaha alitangaza bidhaa mpya, naye akajibiwa kwa vitisho vya kuuawa na kuchomewa duka. Na waliomtisha hawakuwa watu wanaochukia bunduki. Walikuwa wapenzi wa bunduki, watu wa namna ile ile anaowauzia kila siku.

Mwenye duka huyo ni Andy Raymond, na duka lake likiitwa Engage Armament. Bidhaa iliyomletea balaa ni bastola ya Kijerumani iitwayo Armatix iP1, ya aina ambayo Wamarekani huiita bastola yenye akili. Sisi twaweza kuiita bastola janja, kama tusemavyo simu janja. Muda mfupi baada ya habari kuenea, Raymond alikuwa amekwisha ghairi. Alijitokeza katika picha ya video, bunduki zimepangwa nyuma yake, akasema hataiuza bastola ile. Kisha akawaomba radhi watu wa New Jersey.

Msomaji atauliza: watu wa New Jersey waliingiaje katika biashara ya duka lililo Maryland? Hapo ndipo penye kiini cha mambo, na tutafika. Kwanza tuitazame silaha yenyewe.

CHUMA KISICHOCHAGUA BWANA

Silaha tangu zamani haina bwana maalumu. Wenyeji wa Mombasa wanalijua hilo kwa kuitazama Ngome ya Yesu tu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa. Mzinga haukuuliza nani aliuleta. Ulimtumikia yeyote aliyeushika. Na bastola ni hivyo hivyo. Leo iko mkononi mwa mwenyewe, kesho mkononi mwa mwizi, keshokutwa mkononi mwa mtoto aliyeikuta chini ya mto wa baba yake.

Bastola janja imekusudiwa kuukata mwenendo huo. Hii Armatix iP1 inauzwa pamoja na saa ya mkononi. Mwenyewe huivaa saa, akabonyeza nambari zake za siri, na saa ikapeleka mawimbi ya redio kwa bastola. Bastola ikiwa karibu na saa, kiasi cha sentimita 25 hivi, taa ndogo huwaka kijani na risasi zaweza kutoka. Ikiwa mbali, taa ni nyekundu, na hata mtu akivuta kiwambo mpaka kidole kimuume, haitoki kitu.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Smith & Wesson ilitengeneza bastola yenye kibano nyuma ya mpini, ili mkono mdogo wa mtoto usiweze kukibana na kuvuta kiwambo kwa pamoja. Zaidi ya miaka mia baadaye, mafundi wakageukia redio na alama za vidole, na mwanzoni waliofikiriwa walikuwa polisi, maana askari hunyang'anywa bastola yake katika purukushani akauawa kwa silaha yake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hata wenye kupenda sinema wameiona: katika filamu ya Skyfall ya mwaka 2012, James Bond ana bastola isiyofyatuka ila kwa kiganja chake.

SHERIA ILIYOTEGWA KAMA MTEGO

Sasa tuingie New Jersey. Mwezi wa Desemba 2002 jimbo hilo lilipitisha sheria ya ajabu kidogo. Haikuamuru mtu anunue bastola janja siku ile, kwa kuwa hazikuwako. Ilisema hivi: siku bastola ya namna hiyo itakapoanza kuuzwa mahali popote Marekani, hesabu itaanza, na baada ya kama miaka mitatu, maduka ya New Jersey hayataruhusiwa kuuza bastola nyingine yoyote ila hiyo yenye akili.

Nia ya walioitunga ilikuwa njema. Walitaka kuwaambia watengenezaji: tengenezeni, soko mtalipata. Lakini matokeo yakawa kinyume. Kila mwenye bastola wa New Jersey aliona kwamba duka moja tu, hata likiwa California au Maryland, likiuza bastola moja tu ya aina hiyo, basi yeye ndiye atakayefungiwa mlango. Kwa hiyo njia ya kuizuia sheria isianze kazi ikawa ni kuhakikisha hakuna duka hata moja linalothubutu.

Raymond hakuwa wa kwanza kuonja shubiri hiyo. Mapema mwaka huo huo wa 2014 habari zilienea kwamba klabu moja ya kulenga shabaha huko California imeanza kuiuza Armatix. Wateja wakaja juu, wakatangaza kuisusia, na klabu ikakana kwamba iliwahi kuiuza.

Na kususia si mchezo. Mwaka 2000 Smith & Wesson ilitia saini mapatano na serikali ya Rais Clinton, ikaahidi, pamoja na mambo mengine, kuendeleza ufundi wa bastola janja. Wanunuzi walighadhibika, wakaipa mgongo. Kampuni hiyo, ambayo Waingereza wa Tomkins waliinunua mwaka 1987 kwa dola milioni 112.5, iliuzwa mwaka 2001 kwa dola milioni 15 pamoja na madeni yake. Hapana mfanyabiashara wa silaha Marekani asiyekijua kisa hicho.

WENYE BUNDUKI WENYEWE HAWAKUKUBALIANA

Lingekuwa kosa kudhani kwamba wenye silaha wote walikuwa na neno moja. Wao kwa wao walijadiliana, na hoja zao zafaa kusikilizwa.

Wapinzani walisema: bastola ya kujilinda ni ya saa ya hatari. Mwizi akivunja mlango usiku wa manane, nani atakayetafuta saa, aivae, abonyeze nambari, huku mikono ikitetemeka? Na betri ikiwa imekwisha? Simu janja ikizima, umekosa mazungumzo. Bastola ikizima, umekosa roho. Wakaongeza habari ya bei: Armatix pamoja na saa yake ilikaribia dola 1,800, na risasi zake ni zile ndogo za .22, hali mtu aweza kupata bastola ya kawaida yenye nguvu zaidi kwa dola mia chache. Tena wakauliza swali ambalo watunga sheria hawakulijibu vizuri: ikiwa chombo hiki ni cha kutegemewa, mbona sheria ya New Jersey iliwasamehe polisi wasilazimishwe kukitumia?

Upande wa pili ulikuwa na watu kama Raymond mwenyewe. Yeye hakuwa mtetezi wa sheria za kubana silaha, la hasha. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sisi tunaosema kila mtu awe huru kununua silaha aitakayo, twawezaje kumkataza mtu kununua hii? Alitumaini pia kwamba mtu mwenye wasiwasi wa kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya watoto angepata ya kumfaa. Chama kikubwa cha wenye bunduki, NRA, nacho kilisema hakipingi ufundi wenyewe, bali kinapinga watu kulazimishwa.

Na kulikuwa na sauti ya tatu, ambayo wengi hawakuitarajia. Baadhi ya wale wanaopiga vita bunduki nao hawakuitaka bastola janja. Walihofu kwamba familia ambazo hazijawahi kuweka silaha zitadanganyika na jina la usalama, zikaanza kununua. Na Marekani tayari ina bunduki nyingi kuliko watu: makadirio ya mwaka 2017 yalitaja silaha milioni 393 mikononi mwa raia, yaani 120 kwa kila watu 100.

Kwetu sisi ni vigumu kuuelewa mjadala huu bila kukumbuka jambo moja. Hapa Kenya bastola ni ruhusa. Serikali hukupa cheti, na yaweza kukuondolea. Marekani ni haki iliyoandikwa katika katiba yao tangu mwaka 1791. Ndiyo maana mtu wa huko akiambiwa bastola yake itakuwa na kitu kinachoizuia kufyatuka, hasikii habari ya ufundi. Anasikia mkono wa mtu mwingine ukiingia nyumbani mwake.

LILILOFUATA

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2014, ofisi ya mwanasheria mkuu wa New Jersey ilitoa ripoti yake. Ikasema Armatix iP1 haitoshelezi masharti ya sheria, kwa sababu maadamu bastola iko karibu na saa, mtu yeyote aishikaye aweza kuifyatua. Kwa maneno mengine, hata kama Raymond angeziuza, sheria ile isingeanza kazi kwa ajili yake. Zogo lote, vitisho vyote, vilikuwa juu ya kitu kisichokuwa na madhara waliyoyahofia.

Wapinzani nao walipata la kujivunia. Mwaka 2017, katika mkutano wa mafundi wa kompyuta huko Las Vegas, mtaalamu mmoja alionyesha kwamba bastola hiyo yaweza kufyatuliwa bila saa yoyote, kwa kuwekewa sumaku za thamani ya dola 15 hivi ubavuni. Chuma kilichosifiwa kwa akili kikapumbazwa na sumaku.

Mwaka 2019 New Jersey ilikubali kwamba mtego wake uliwanasa wasiokusudiwa. Sheria ya 2002 ikaondolewa. Mahali pake pakawekwa nyingine: tume itazikagua bastola janja, na ikiidhinisha, kila duka la jimbo hilo litatakiwa liwe nayo japo aina moja ya kuwaonyesha wateja. Zile za kawaida zitaendelea kuuzwa ubavuni mwake.

Mafundi hawakukata tamaa. Mwezi wa Aprili 2023 kampuni ya Biofire ya jimbo la Colorado ilitangaza bastola ya milimita tisa, kwa bei ya dola 1,499, inayomtambua mwenyewe kwa alama za kidole au kwa uso wake. Aliyeianzisha, Kai Kloepfer, alianza kulifikiria jambo hilo akiwa mwanafunzi wa shule, baada ya watu 12 kuuawa kwa risasi ndani ya jumba la sinema mjini Aurora, jimboni mwake, mwaka 2012. Hakutaka sheria imsaidie kuuza. Alitaka kitu ambacho mtu atakinunua kwa hiari.

Huenda hilo ndilo somo. Sheria ya 2002 ilitaka kuwaokoa watoto, lakini kwa kutisha kwamba itawanyima watu wazima uchaguzi, iliwafanya wazuie chombo chenyewe kisifike dukani kwa zaidi ya miaka kumi. Nao waliompigia simu Raymond usiku ule, wakimtisha kwa jina la uhuru, walimnyima uhuru mfanyabiashara wa kuuza na mzazi wa kununua. Katika muda huo wote, baba wa Rockville aliyetaka bastola isiyomtii mwanawe hakuulizwa neno na upande wowote.