Saratani ya Tezi Dume na Nasaba Zetu: Funzo Kutoka Aisilandi

Saratani ya tezi dume inapotajwa, wengi wetu hudhani kuwa ni jambo la wanaume peke yao, tena la wazee, tena la kunong'onwa. Juma hili tumeonelea vyema kuileta mbele ya familia nzima, kwa kuwa maradhi haya mara nyingine hupitia kwa mama kabla ya kumfikia mwana.

Aisilandi ni kisiwa cha kaskazini mwa Atlantiki chenye watu wasiofika laki nne. Wenyeji wake, kama zilivyo aila nyingi za mwambao wetu, huhifadhi nasaba zao kwa makini. Aidha, tangu miaka ya 1950 taifa hilo lina daftari la kuwaorodhesha wagonjwa wote wa saratani. Nasaba na daftari vilipolinganishwa, ilidhihirika kuwa katika baadhi ya koo maradhi haya yalirudi kizazi baada ya kizazi.

Sababu mojawapo ilipatikana katika jeni iitwayo BRCA2, iliyotambuliwa mwaka 1995. Kazi yake ni kuusaidia mwili kukarabati nyuzi za urithi zinapokatika ndani ya chembe hai. Kwa baadhi ya Waaisilandi, herufi tano za maandishi ya jeni hiyo zimepotea, na ukarabati huo huharibika. Wanaobeba kasoro hiyo ni chini ya mtu 1 katika kila 100, na wataalamu wamebaini kuwa wote waliirithi kwa mhenga mmoja wa zamani.

Mwaka 2007 watafiti wa huko waliwalinganisha wanaume wenye saratani ya tezi dume, waliobeba kasoro hiyo na wasioibeba. Walioibeba waligunduliwa wakiwa na umri mdogo zaidi, na ugonjwa ukiwa umesonga mbele zaidi. Nusu yao walifariki katika muda wa miaka 2.1 tangu kugunduliwa. Kwa wenzao muda huo ulikuwa miaka 12.4.

Hapa ndipo tunapowaita akina mama wasikilize. Kasoro hiyo hiyo humzidishia mwanamke hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Mzazi anayeibeba, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Basi baba mzima wa afya aweza kumrithisha binti yake, na maradhi ya matiti ya nyanya yaweza kuwa onyo kwa mjukuu wa kiume.

Je, mtu ana haki ya kuambiwa, au ana haki ya kutojua? Waaisilandi walijadiliana sana juu ya swali hilo, kwani watafiti walikuwa na habari za watu ambao wenyewe hawakuzijua. Mwaka 2018 ilifunguliwa njia ya hiari: anayetaka kujua aombe mwenyewe, na maelfu waliomba. Kujua kuna faida. Mwanamume anayeibeba kasoro hushauriwa kuanza kupima damu, kipimo cha PSA, tangu umri wa miaka 40. Tena zipo dawa zinazolenga udhaifu huo huo wa jeni, kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao ya tezi dume imeenea.

Hatusemi kuwa kasoro ya Waaisilandi ndiyo yetu. Kila jamii ina urithi wake. Mayahudi wa asili ya Ashkenazi, kwa mfano, wana kasoro tatu mashuhuri katika jeni za BRCA1 na BRCA2. Wala si kila saratani ni ya kurithi. Iliyo nyingi si hivyo. Lakini wanaume wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi haya, na hilo latuhusu.

Sisi tunaoweza kutaja mababu hadi wa saba, mbona hatujui walifariki kwa maradhi gani? Tunawasihi akina mama, ambao ndio walezi wa kumbukumbu za nyumba: waulizeni mashangazi, akina ami na wajomba nani aliugua, ugonjwa gani, na akiwa na umri gani. Andikeni, kisha mpelekeeni daktari. Na baba akianza kusumbuka kwa haja ndogo, asiachwe na haya yake. Mficha maradhi, kilio humfichua.