Mfano, Sanamu au Kichezeo? Istilahi za Uundaji wa Mifano ya Zana za Vita

Mfasiri akikabidhiwa kijitabu cha maelekezo ya kuunda ndege ya vita kwa vipande vya plastiki, hukwama kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Kitu chenyewe akiite nini? Akisema "mfano", msomaji anaweza kudhani kuwa ni mfano kama ule wa mwalimu ubaoni. Akisema "sanamu", wazo la mtu au mnyama aliyechongwa huja mbele. Akisema "kichezeo", amekishusha hadhi kitu ambacho huenda kimemchukua mtu mzima miezi sita kukitengeneza, naye hampi mtoto akichezee hata kidogo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi hii ya kuunda mifano midogo ya magari, mizinga na ndege za vita, kisha kupendekeza istilahi zinazoweza kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Ili tusielee hewani, tumechagua mahali pamoja petu wenyewe pa kuupimia ulimi wetu, napo ni Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Kwa nini Kisaki

Mwezi Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na ya Afrika Kusini yaliingia Morogoro. Majeshi ya Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, yalirudi nyuma kupitia pande za Uluguru hadi Kisaki, ambako yalikuwa yameweka akiba. Mapema Septemba yalipiganwa mapigano makali mahali hapo na Dutumi, kisha Wajerumani wakajiondoa kuelekea mto Mgeta. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa vitani Beho Beho, kusini mwa Kisaki.

Wapenzi wa mifano ya zana za vita katika nchi za nje wanaijua vyema vita hiyo, hasa kwa sababu ya mizinga ya meli Königsberg. Manowari hiyo ya Kijerumani ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, baada ya kupigwa na meli za Waingereza. Mizinga yake kumi, yenye kipenyo cha milimita 105, iliopolewa, ikatengenezewa magari ya magurudumu, ikakokotwa nchi kavu. Mmoja unaonekana hadi leo katika Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Mtu akitaka kuunda mfano wake, anaweza kwenda Mombasa na utepe wa kupimia.

Skeli: jambo lililo msingi wa kazi yote

Kinachoutofautisha mfano wa aina hii na kichezeo ni kipimo. Kila sehemu ya mfano imepunguzwa kwa kiasi kile kile kimoja. Watoto wa vijiji vyetu vingi huunda magari kwa waya, kwa mabati ya makopo na kwa magurudumu yaliyokatwa katika kandambili zilizochakaa. Kazi zao ni za ufundi wa kweli, na mara nyingi usukani wake hugeuza magurudumu ya mbele sawasawa. Hata hivyo gurudumu huwa kubwa kwa sababu kandambili ni nene, na mlango hukosekana kwa sababu waya umekwisha. Hapo mwundaji amefuata sura, hakufuata kipimo.

Kwa kipimo hicho tunapendekeza neno skeli, ambalo wanafunzi wetu wanalifahamu tayari katika somo la ramani. Neno "mizani" linabeba maana ya kupimia uzito, na "kipimo" ni pana mno: huweza kuwa urefu, ujazo au hata dozi ya dawa. Skeli ya 1/35 maana yake ni kwamba sentimita moja ya mfano husimama badala ya sentimita 35 za kitu halisi.

Tuchukue mzinga wa Königsberg. Mtutu wake una urefu wa mara 40 ya kipenyo chake, yaani meta 4.2. Kwa skeli ya 1/35, mtutu huo huwa sentimita 12, na tundu lake huwa milimita 3. Mtu mwenye kimo cha meta 1.75 huwa sentimita 5. Mwalimu wa hesabu atakubaliana nasi kuwa ni vigumu kupata zoezi la uwiano lililo nyofu kuliko hili.

Hapa ipo hatari moja ya kutazamwa. Skeli ya 1/72 ni ndogo kuliko ya 1/35, ingawa namba 72 ni kubwa kuliko 35. Mfasiri asiyeangalia huandika "skeli kubwa ya 72", na maana ikapinduka. Basi yafaa daima kuandika skeli kwa sura ya sehemu, 1/72, wala si kwa namba moja tu.

Skeli hizi nazo zina asili yake. Ile ya 1/72 imetokana na vipimo vya Kiingereza: inchi moja kwa futi sita, kwa kuwa futi sita ni inchi 72. Ile ya 1/48 ni robo inchi kwa futi moja. Lakini 1/35 haikutokana na hesabu yoyote ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ukafuata nafasi iliyohitajika ili betri ziingie. Baadaye ilipopimwa ikaonekana kuwa ni takriban 1/35, na ulimwengu mzima ukafuata.

Maneno tuliyo nayo tayari

Kabla ya kuunda neno jipya, yatupasa kufungua ghala letu. Katika mambo ya vita ghala hilo halikosi kitu.

Mtutu ni lile bomba la bunduki au mzinga ambamo risasi hupita. Deraya ni vazi la chuma la kujikingia, na kwa hiyo gari la deraya ni gari la vita lililovikwa chuma. Bombomu ni bunduki inayofyatua mfululizo, na neno lenyewe linaigiza mlio wake. Rubani, kabla hajawa mwendeshaji wa ndege, alikuwa mwongoza vyombo baharini. Risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Mzinga ni gogo la nyuki lililochongwa na kutobolewa ndani, na aliyeliona bomba la chuma la kurushia makombora hakuhitaji kuelezwa sana.

Ama kifaru, neno hili lina historia ya kutufunza. Gari hilo liliingia vitani kwa mara ya kwanza huko Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916, yaani katika mwezi ule ule wa mapigano ya Kisaki. Waingereza walilipa jina la tangi la maji kwa makusudi, ili majasusi wasielewe kinachoundwa viwandani. Waswahili hawakuwa na siri ya kuficha. Walitazama ngozi nene, mwendo mzito na pembe iliyo mbele, wakalipa jina la mnyama. Jina la Kiingereza lilikusudiwa kuficha, letu linaeleza. Yafaa pia mfasiri akumbuke kuwa vifaru havikupigana Afrika Mashariki katika vita ile. Yaliyokuwapo ni magari ya deraya. Kuyaita "vifaru" ni kosa la historia, si la lugha peke yake.

Majina haya ya wanyama yanaleta suala la upatanisho wa kisarufi. Twasema "kifaru amekufa" kwa mnyama, na "kifaru kimeharibika" kwa gari. Twasema "ndege ametua mtini", lakini "ndege imetua uwanjani". Mfano wa plastiki hufuata kitu, haufuati kiumbe: "kifaru hiki kimepakwa rangi", "ndege hii imebandikwa mabawa". Mwalimu akilifafanua jambo hili darasani kwa kuweka mezani ndege ya plastiki na unyoya wa kuku, somo halitasahaulika.

Kuazima kwa waunda vyombo

Sehemu ngumu ni majina ya kazi yenyewe. Hapa tunapendekeza kuazima kwa mafundi wa pwani, ambao kwa karne nyingi wameunda majahazi, mashua na ngalawa. Kitenzi kuunda ni chao, nacho kinafaa kuliko "kutengeneza", ambacho huweza pia kumaanisha kurekebisha kilichoharibika.

Tuchukue ndege ya B.E.2c, iliyotumiwa na Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki mwaka 1916. Ilikuwa na mabawa ya ngazi mbili, yenye upana wa meta 11.28 kutoka ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72 hupata karibu sentimita 16. Umbo lake lilikuwa la mbao zilizofunikwa kitambaa. Mbao zile zilizopindwa kutoa umbo si kitu kigeni: ni mataruma, kama yale ya mashua. Kile kinachozunguka mbele na kuvuta ndege ni rafadha, neno linalotumika kwa meli. Mwili wenyewe, tukiondoa mabawa na mkia, tunapendekeza uitwe kiwiliwili, kama ilivyo kwa mtu bila kichwa na miguu.

Vipande viwili vya kiwiliwili vinapogandishwa, hubaki ufa mwembamba. Mwundaji huujaza kwa uji mzito unaokauka, kisha husugua kwa msasa. Fundi wa mashua afanyapo hivyo kwa pamba yenye mafuta husema anakalafati. Tofauti ni ya malighafi tu; kazi ni moja. Basi ule uji na uitwe kalafati, na kazi iitwe kukalafati.

Orodha ya mapendekezo

Yafuatayo ni mapendekezo yetu kwa ufupi:

mfano wa skeli (mifano ya skeli): umbo dogo la kitu halisi, lililopunguzwa kwa uwiano mmoja.

mwundaji mifano: mtu afanyaye kazi hiyo, kwa ajira au kwa kujifurahisha.

seti ya vipande: kisanduku chenye vipande vyote, maelekezo na chapa.

kikonyo: kijiti cha plastiki kinachoshikilia kipande kwenye fremu yake mpaka kikatwe, kama kikonyo kinavyoshikilia tunda.

chapa ya maji: alama au namba iliyopigwa kwenye karatasi, ambayo hulowekwa majini ikateleza na kuganda juu ya mfano.

kichwa cha kifaru: sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mtutu.

minyororo: mikanda ya chuma ambayo kifaru hutembelea.

rangi za kuficha: rangi za mabaka zinazofananisha zana na mazingira.

kuchakaza: kuupaka mfano vumbi, kutu na matope ili uonekane umetumika.

mandhari: mfano uliowekwa pamoja na ardhi, miti, majengo na watu wake.

Faida yake kwa mtumishi wa serikali

Huenda msomaji akauliza iwapo mambo haya yana uzito nje ya chumba cha mpenzi wa mifano. Tumfikirie ofisa wa forodha anayeletewa orodha ya mzigo iliyofasiriwa hivi: "vifaru viwili, mzinga mmoja, ndege ya vita moja." Ofisa huyo atakuwa na haki ya kushtuka. Lau mfasiri angeandika "mifano ya skeli ya plastiki: vifaru viwili vya 1/35", mzigo ungepita bila maswali. Kadhalika mlinzi wa makumbusho anayeandika kadi ya maelezo hana budi kumjulisha mtazamaji kama kilicho mbele yake ni mzinga wenyewe, ni nakala ya ukubwa ule ule, au ni mfano wa skeli. Vitu hivi vitatu si kimoja, na lugha isiyovitenga humdanganya mtazamaji.

Mandhari bila watu

Tunamalizia na neno la mwisho katika orodha yetu, mandhari, kwa sababu ndilo linaloturudisha Kisaki.

Mzinga wa Königsberg haukutembea wenyewe. Katika nchi yenye mbung'o, ambao waliwaua farasi na ng'ombe wa majeshi yote, mzigo ulibebwa na watu, na mizinga ile mizito ilivutwa kwa kamba na makundi makubwa ya watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Sanamu ya Askari iliyowekwa jijini humo mwaka 1927 humwonyesha askari peke yake. Ile ya Nairobi ina mpagazi pia.

Kwa hiyo mfasiri wa maelekezo ya mandhari ya namna hii atofautishe watu wake kwa uangalifu. Wapiga mzinga ni wale wanaoulenga na kuufyatua. Askari ni mwenye bunduki. Mpagazi, kutokana na kupagaa, ni yule abebaye begani, na asiitwe "kibarua" wala "msaidizi", maneno yanayoficha alilotendewa. Mwundaji anayeuweka mtutu wa sentimita 12 juu ya meza, akauchakaza kwa tope la Mgeta, lakini asiweke hata mtu mmoja wa sentimita 5 mwenye kamba begani, amepatia skeli ya chuma akakosea skeli ya historia.

Tunawaalika wasomaji, hasa walimu wa ufundi na wale waliokulia miongoni mwa waunda vyombo, watuletee maneno yaliyo bora kuliko haya tuliyoyapendekeza. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na anayeijua kazi kwa mikono yake ana haki ya kuipa jina.