Balasti (taa)

Balasti (mafundi huiita pia choki) ni kifaa kinachodhibiti mkondo wa umeme katika taa za gesi, zikiwemo aina nyingi za taa za jukwaani zinazozunguka. Gesi ikishawaka, ukinzani wake hupungua. Bila balasti mkondo ungeongezeka hadi kuharibu balbu.

== Sababu za kuungua ==
Balasti inayoungua mara kwa mara ndani ya taa ileile kwa kawaida ni dalili ya hitilafu nyingine:
* '''Balbu iliyochakaa''' huwaka kwa shida na kuilemea balasti.
* '''Joto''' huongezeka feni ikijaa vumbi au ikisimama. Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Huko hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu asilimia 15, hivyo hupoza vifaa kwa kiasi kidogo, ingawa usiku ni wa baridi.
* '''Umeme usiotulia''', hasa wa jenereta ndogo. Volti pia hushuka mwishoni mwa nyaya ndefu. Kipimo cha kawaida nchini Tanzania ni volti 230.

== Uchunguzi ==
Taa huchomolewa kwanza na kuachwa ipoe. Kapasita hubaki na chaji, na balbu ya moto yaweza kupasuka. Kisha feni husafishwa, balbu nzima hujaribiwa, na volti hupimwa taa zote za jukwaa zikiwaka. Balasti mpya hufungwa mwishoni. Ikitangulia, huungua kama ile ya kwanza.